Mtoto Aliyesema Haoni

Kezia Adhiambo alifundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi huko Uriri kwa miaka ishirini na minane, na hakuna mzazi aliyewahi kumlaumu kwa uzembe. Walimlaumu kwa ukali. Mumewe, Job, alifariki mtoto wao wa pekee akiwa na miaka sita, na majirani walizoea kusema kwamba Kezia alimlea yule mtoto kama alivyolea darasa: kwa saa, kwa kengele na kwa kiboko.

Mtoto aliitwa Maxwell. Alikuwa mpole, mwepesi wa kucheka, na mchana kutwa usingemwona na kasoro yoyote. Ni jua likizama ndipo mambo yalipoharibika. Alikanyaga sufuria ya uji iliyowekwa chini mbele ya macho yake. Aligonga mlango uliokuwa wazi nusu. Akitumwa dukani saa kumi na mbili na nusu, alirudi akishika ua wa jirani kwa mkono, hatua kwa hatua, kama mzee.

Alipokuwa na miaka tisa, jioni moja alitumwa kumfungua ng'ombe aliyekuwa amefungwa kando ya mto na kumrudisha nyumbani. Alimfungua, kamba ikamponyoka, naye akashindwa kumwona tena. Ng'ombe aliingia katika mahindi ya watu akala mistari mitatu mizima. Kezia alimkuta mwanawe amesimama palepale kwenye kigingi, mikono mbele, akimwita ng'ombe kwa jina.

"Mama, giza likiingia mimi sioni," Maxwell alimwambia.

"Hakuna anayeona gizani."

"Lakini si giza bado. Wenzangu wanaona. Wao walimwona ng'ombe anaenda, wakanicheka. Mimi naona weusi tu."

Kezia alimchapa. Alimchapa kuliko kosa lenyewe, mpaka jirani mmoja akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ua, "Mwalimu, inatosha!" Kisha akaingia jikoni, akafunga mlango, akakaa juu ya kigoda bila kuwasha moto.

Alikuwa akimwogopa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa Maxwell. Alikuwa Paul, kaka yake mkubwa, aliyekaa Ndhiwa kwenye boma la baba yao. Paul naye alipokuwa mvulana alikuwa akijikwaa jioni. Alipofika miaka ishirini alianza kugonga watu waliotokea ubavuni. Alipofika thelathini na minne alikuwa kipofu kabisa. Watu wa kule hawakuhangaika kutafuta sababu. Walisema Paul alihamisha mpaka, kwamba aling'oa makonge yaliyotenga shamba lake na la binamu yake akayapanda upya hatua tano ndani ya shamba la mwenzake, na kwamba hiyo ilikuwa chira, adhabu inayomfuata mtu aliyevunja miiko na kuwafuata watoto wa ukoo wake baada yake.

Kezia alikuwa mwimbaji wa kwaya na mtu wa vitabu. Mbele za watu aliicheka chira. Lakini hofu haiulizi mtu amesoma mpaka wapi. Tangu macho ya Paul yalipozima, hakukanyaga tena Ndhiwa. Mara mbili Paul alimtumia ujumbe kupitia akina mama waliokuja kuuza mtama kwenye soko la Uriri. "Paul anasema uje. Ana neno na wewe." Mara mbili Kezia alijibu kwamba shule imembana. Maxwell alipokuwa na miaka kumi na mmoja, Paul aliugua homa ya mapafu akafa. Kezia alihudhuria mazishi, akasimama nyuma ya hema, akaondoka kaburi likiwa bado linafukiwa.

Kwa hiyo mtoto aliposema haoni, Kezia alifanya kila njia neno hilo lisisemwe tena ndani ya nyumba yake. Na kwa kweli Maxwell aliacha kulisema, kwa miaka saba.

Alilisema tena akiwa kidato cha pili, katika shule ya bweni upande wa Homa Bay. Stima ilikuwa imepotea wakati wa chakula cha jioni. Wengine walitoka bwaloni wakitumia mwanga hafifu uliokuwa umebaki dirishani. Maxwell alitembea moja kwa moja mpaka kwenye sufuria ya maharagwe iliyokuwa mlangoni, akaanguka nayo, na maharagwe ya moto yakamchoma mwenzake mguuni. Haikuwa mara ya kwanza kwake kuanguka. Walimu walishaanza kunong'ona kwamba anakunywa chang'aa au anavuta kitu. Kezia akaitwa.

Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa mtu wa haki. Aliwaketisha wote wawili ofisini kwake.

"Mwalimu mwenzangu, mimi sipendi kumfukuza mtoto bila kuelewa," alisema. "Kijana anasema haoni mwanga ukipungua. Wewe ndiwe mama yake. Je, ana shida ya macho? Kama anayo, hili ni jambo la hospitali, si la nidhamu."

Maxwell aligeuka akamtazama mama yake. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Kezia alisema, "Hapana. Ana macho mazuri. Ni uzembe tu."

Maxwell alisimamishwa shule wiki tatu, na wiki tatu zilipokwisha akakataa kurudi. Kezia alibembeleza, akatisha, akaleta mchungaji. Kijana hakubishana na yeyote kati yao. Alikwenda kwa fundi mmoja akajifunza kutengeneza pikipiki, kisha akajifunza kuziendesha, na alipofika miaka ishirini na miwili alikuwa na boda yake kwenye stendi ya Uriri. Wenzake walimwita Daytime, yaani mchana, kwa sababu saa kumi na moja jioni ikigonga aliifunga kazi na kwenda nyumbani, hata abiria wangekuwa wamepanga foleni. Alicheka nao. Kwa nini anafanya hivyo, hakumwambia mtu.

Asichokijua ni kwamba hata mchana ulikuwa unapungua. Aliona mbele vizuri, lakini pembeni palikuwa pamejifunga pole pole, bila maumivu, kama mtu aliyefunika uso kwa viganja viwili na kuacha upenyo katikati. Siku moja, saa nne asubuhi, jua likiwaka, mama mmoja aliyebeba ndizi alivuka barabara kutoka kushoto. Watu wote waliokuwa stendi walimwona. Maxwell hakumwona mpaka alipomgonga. Mama huyo hakufa, lakini mfupa wa paja ulivunjika mara mbili, na hadi leo anatembea akiinama upande mmoja.

Maxwell aliirudisha pikipiki stendi, akaweka ufunguo juu ya kiti, akaja nyumbani kwa miguu.

"Sikumwona," alimwambia mama yake. "Alikuwa hapa," akanyoosha mkono wa kushoto, "na mimi sikumwona kabisa."

Safari hii Kezia hakumwita mzembe.

Miezi michache baadaye ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho wangekuwa Homa Bay kwa wiki moja, wakipima watu bure katika ukumbi wa kanisa fulani. Walikwenda. Daktari aliyempima Maxwell aliitwa Angwenyi, mwanamume mfupi mwenye sauti ya taratibu, na alikuwa na desturi ya kumwomba mgonjwa ruhusa kabla ya kumgusa. Alimtia matone, akamulika ndani ya macho kwa muda mrefu, akaita mwenzake naye aangalie. Kisha akavuta kiti.

"Nyuma ya jicho lako kuna madoa meusi, yametapakaa kuanzia pembeni. Katika familia yenu kuna mtu mwingine aliyeacha kuona?"

Kezia alitazama sakafu. Maxwell ndiye aliyejibu. "Nera alipofuka. Mjomba wangu, Paul, kaka ya mama. Lakini wanasema yeye ilikuwa chira."

"Na mama yako anaona?"

"Anaona kuliko sisi sote. Anatunga uzi kwenye sindano jua likishazama."

Daktari akaandika jambo, akawapa wote wawili vichupa vidogo wateme mate ndani yake. Vichupa vilipelekwa ng'ambo kupimwa. Miezi mitano ikapita kabla simu haijalia. Daktari Angwenyi alitaka waje wote wawili, wakae, asiwaambie kwa simu.

Alikuwa amewachemshia chai, na Kezia alipoiona ile chai alijua habari si nzuri.

"Nitaeleza pole pole, na mnikatize mkipotea," daktari alianza. "Kila seli ya mwili ina maandishi yanayoiambia ifanye nini. Hayo ndiyo jeni. Maandishi yenyewe hayatolewi mahali yalipohifadhiwa. Kinachotolewa ni nakala, inaitwa RNA. Sasa nakala hiyo ikitoka mara ya kwanza huwa imechanganyika. Kipande cha maana, kipande kisicho na maana, halafu cha maana tena. Lazima visivyofaa vikatwe vitupwe, na vinavyofaa viunganishwe, ndipo seli iweze kuisoma."

"Kama mtoto anayenakili ubaoni," Kezia alisema polepole, "akaandika mpaka yale niliyokuwa nikiwakemea wenzake. 'Mto Kuja unamwaga maji katika Ziwa, wewe kaa chini, Victoria.'"

Daktari alicheka kidogo kabla hajakumbuka alichokuja kusema. "Ndivyo hasa. Sasa anayefuta yale makemeo ni nani? Ni protini. Si moja, ni kundi kubwa, zinashikana kufanya kazi hiyo ya kukata na kuunga. Zikipungua, kazi inaharibika. Maxwell, protini moja katika kundi hilo unayo nusu tu ya kiasi kinachotakiwa. Moyo wako unavumilia hiyo nusu. Ini linavumilia. Jicho halivumilii. Seli za nyuma ya jicho hutengeneza nakala nyingi mno kila siku, na mkataji akipungua, zinachakaa, zinakufa. Zinatangulia zile zinazoona katika mwanga hafifu. Halafu za pembeni. Za katikati hufuata."

"Zimebaki ngapi?" Maxwell aliuliza.

"Si nyingi."

Akamgeukia Kezia. "Mtu ana jeni hii mara mbili, moja ya mama, moja ya baba. Iliyoharibika imetoka kwako, Mwalimu."

"Lakini mimi naona!"

"Unaona, kwa sababu ile nzima uliyo nayo inatoa protini nyingi kuliko kawaida. Inafidia. Kuna watu wanaojaliwa hivyo, wanaibeba maisha yao yote na hawaijui. Kaka yako hakujaliwa. Kijana wako pia hakujaliwa."

"Si chira?"

"Si chira. Si mpaka wa shamba, si ulevi, si uchawi. Si kosa la mtu yeyote."

Kwa muda mfupi, labda kama wa kuvuta pumzi mbili, Kezia alihisi mzigo wa miaka ishirini ukimshuka. Si kosa la mtu yeyote. Alitaka daktari alirudie neno hilo. Lakini Maxwell alikuwa ameshaanza kuuliza swali jingine.

"Daktari, kama ningeletwa nikiwa na miaka tisa, mngeniponya?"

"Hapana. Sitakudanganya. Hata leo dawa haijapatikana. Watu wanaitafuta."

"Lakini mngeniambia."

"Tungekuambia."

"Halafu?"

"Halafu ungefundishwa mapema. Kutembea kwa fimbo, kusoma kwa vidole. Ungemaliza shule. Ungechagua kazi ukijua unakokwenda. Na nisingekuruhusu uguse pikipiki."

Maxwell akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayehesabu.

Walipotoka waliingia mkahawa mmoja karibu na soko. Wakaletewa chai nyingine ambayo hakuna aliyeinywa. Nje wanawake walikuwa wakiita wateja wa omena, wale dagaa wa ziwani, na mtu alikuwa akijaribu spika ya kanisa, moja, mbili, moja, mbili.

"Sina hasira kwa ajili ya macho, Mama," Maxwell alisema. "Daktari amesema hukujua unayo. Sawa. Ila mimi nilikuambia. Nilikuambia nikiwa mdogo, nikakuambia tena mbele ya yule naibu. Nataka tu kujua kwa nini hukuniamini."

Jibu jepesi lilikuwa pale mezani, limejiandaa lenyewe. Sikujua, mwanangu. Ningejuaje? Angelisema, Maxwell angelikubali, na wangerudi Uriri wakiwa mama na mwana. Kezia alifungua kinywa alitoe. Badala yake akasikia kinywa chake kikisema jambo jingine.

"Nilikuamini."

Maxwell aliinua uso.

"Nilikuamini tangu siku ya ng'ombe. Uliposema unaona weusi, nilimsikia Paul. Maneno yaleyale, alikuwa akiyasema tukiwa wadogo. Nilijua. Ndiyo maana nilikuchapa vile. Nilidhani nikikuzuia kulisema, halitakuwa. Na kule shuleni nilijua pia. Nilimwangalia yule naibu machoni, nikajua, nikasema una macho mazuri."

Maxwell alikitafuta kikombe kwa vidole, akakizungusha juu ya sahani yake, taratibu, duara zima.

"Ungeniacha nidhani hukujua," alisema mwishowe. "Hilo ningeweza kulibeba."

Mhudumu akaja kuondoa vikombe. Ndipo Maxwell akasema, "Nipeleke kwa nera."

"Paul alikufa, Maxwell."

"Najua alikufa. Nipeleke."

Walifika Ndhiwa alasiri. Truphena, mjane wa Paul, alikuwa akianika mtama uani. Alimtazama Kezia kwa muda, akapangusa mikono kwa leso, akasema, "Yuora," ambalo ni neno la mtu kumwita shemeji yake, akawatolea viti. Kisha akamwona Maxwell akinyata kuelekea kwenye kiti huku akikitafuta kwa goti, na uso wake ukabadilika.

"Kumbe na wewe," alisema. "Paul alisema itakuwa hivyo."

Kezia aliuliza, "Alisemaje?"

"Si alikuita? Mara mbili. Ulidhani alikuwa anakuitia nini?" Truphena hakusema kwa ukali, pengine angesema kwa ukali ingekuwa afadhali. "Alikuwa ameketi hapa akifikiri, hakuwa na kazi nyingine. Akamkumbuka mjomba wenu, kaka ya mama yenu, aliyekufa kipofu kule Karungu. Akasema, Truphena, hii kitu si ya makonge. Iko ndani ya damu, na inapitia kwa wanawake wetu bila kuwagusa. Akasema, Kezia ana kijana. Kama anajikwaa jioni, amlete nikae naye, nimfundishe nikiwa hai. Nimwonyeshe jinsi ya kwenda kisimani, jinsi ya kusokota kamba, jinsi ya kuwajua watu kwa nyayo. Asijifunze peke yake kama mimi nilivyojifunza kwa kuanguka."

"Alisubiri?" Maxwell aliuliza.

"Alikuwa akisikia mtu anapita njiani ananiuliza, ni Kezia? Miaka miwili."

Kezia alishuka kwenye kiti akakaa chini, juu ya udongo, miguu imenyooka mbele yake kama wanavyokaa waliofiwa. Truphena hakumwinua. Alikwenda akasimama kando ya Maxwell, akamshika kiwiko, akampeleka nyuma ya nyumba lilipo kaburi la Paul, akimwambia kwa sauti ya chini mahali penye jiwe na mahali penye mteremko.

Jioni hiyo Kezia alirudi Uriri peke yake. Maxwell alisema atakaa Ndhiwa siku chache, na siku chache zikawa wiki, wiki zikawa mwaka. Truphena alimfundisha alichokuwa amekiona kwa mumewe. Alijifunza kusokota kamba za makonge, na wafugaji wa ng'ombe wakawa wanazinunua sokoni. Mwalimu mmoja wa wasioona, aliyetafutwa na Daktari Angwenyi, alikuja kila Alhamisi akamfundisha kusoma kwa vidole.

Kezia alikwenda kumwona Jumamosi moja kila wiki mbili. Hakufukuzwa, wala hakunyimwa chakula. Maxwell alimwamkia kwa heshima, akamuuliza mvua ya Uriri, akamuuliza hali ya yule mama aliyevunjika mguu, ambaye Kezia alikuwa akimfulia na kumpikia tangu ajali. Lakini alimwita Mwalimu. Mara ya kwanza Kezia alidhani ni mzaha. Hakumwomba aache, maana alijua hana pa kuanzia.

Mwezi wa sita alimkuta kibarazani, akasimama mbele yake. Maxwell alikizungusha kichwa huku na huku, pole pole, akimtafuta kwa ule upenyo mdogo uliobaki, mpaka akampata.

"Umekonda, Mwalimu," alisema.

"Ni umri."

"Hapana. Umekonda." Akaendelea kumtazama, muda mrefu, bila kupepesa, na Kezia akasimama wima bila kusogea hata kidogo, akiogopa kumtoka machoni.

Alipokuja tena, wiki mbili baadaye, alisimama mahali palepale. Maxwell alikuwa amesikia nyayo. Akainua uso, akauzungusha kushoto, akauzungusha kulia, akarudia. Kezia alisubiri. Macho ya mwanawe yalimpita usoni mara tatu bila kutua.

"Ni nani?" Truphena aliuliza kutoka jikoni, kisha akachungulia. "Aa, ni yuora. Mama yako amekuja."

"Yuko wapi?" Maxwell aliuliza.

Maxwell akanyoosha mkono kumwamkia, akaunyoosha kulia, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mkono ukabaki hewani, ukingoja. Kezia akapiga hatua mbili, akahamia upande ule.